Maswali ya wasomaji: Nani anaishika Tshwane?

Tangu Tshwane ya Afrika Kusini ibadilishe meya tena, tumepokea maswali mengi kuhusu jiji hilo. Baadhi yametoka kwa Watanzania wanaolilinganisha na Dar es Salaam, mengine kwa wasomaji wanaoishi hukohuko. Tumechagua manane. Yaliyofanana tumeyajibu kwa pamoja.

SWALI: Tshwane na Pretoria ni jiji moja? Na halmashauri hii iliundwaje? – Msomaji, Dodoma

Pretoria ni mji uliomo ndani ya Tshwane. Tshwane ni manispaa ya jiji yenye baraza moja la madiwani, bajeti moja na meya mmoja, na eneo lake linavuka mbali mipaka ya Pretoria.

Manispaa hii ilizaliwa tarehe 5 Desemba 2000, siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Mamlaka 13 ziliungana. Ilikuwamo Pretoria yenyewe, Centurion iliyojengwa kwa ajili ya Wazungu, vitongoji vya Waafrika kama Mamelodi, Atteridgeville na Soshanguve, na maeneo ya kaskazini kama Ga-Rankuwa, Mabopane, Winterveld na Temba, ambayo enzi za ubaguzi yaliwekwa chini ya Bophuthatswana, eneo la Waafrika ambalo serikali ya ubaguzi ililitangaza kuwa nchi huru. Mtu wa Winterveld alikuwa akifanya kazi Pretoria, ananunua Pretoria, halafu kisheria anahesabiwa kuwa raia wa nchi nyingine. Kodi aliyoizalisha ilibaki mjini, na barabara ya kwao ikabaki vumbi. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuunganisha: pato la maduka, viwanda na ofisi za katikati ya mji lihudumie pia watu wanaolizalisha.

Nchi nzima ilipita njia hiyo. Manispaa zilikuwa 843, na baada ya uchaguzi wa 2000 zikabaki 284.

Mambo hayakuishia hapo. Kwa miaka kadhaa Tshwane ilikaa kwenye majimbo mawili, Gauteng na North West, jambo lililowatesa watendaji kwa sababu kila barua ilikuwa na wakubwa wawili. Marekebisho ya 12 ya Katiba, mwaka 2005, yakaliingiza jiji lote Gauteng. Mwaka 2011 wilaya ya Metsweding ikavunjwa, na manispaa zake mbili, Nokeng tsa Taemane na Kungwini, zikamezwa na Tshwane. Ndipo eneo lilipopita kilomita za mraba 6,000, likajumuisha migodi ya Cullinan na mashamba ya Bronkhorstspruit. Ukisikia diwani wa jiji anazungumzia malisho ya ng'ombe, usishangae.

SWALI: Halmashauri zikiunganishwa, madeni, wafanyakazi na sheria ndogo za zamani huenda wapi? – Msomaji, Mbeya

Hatua zenyewe ni hizi. Bodi huru ya mipaka huchora ramani, hutangaza kusudio lake, hupokea maoni na pingamizi, kisha hutoa uamuzi. Serikali ya jimbo hutoa tangazo kwenye gazeti la serikali kuianzisha manispaa mpya na kuzifuta za zamani. Tangazo hilo ndilo hati ya kuzaliwa, na ndilo la kusoma kwa makini, kwa kuwa linataja mali, madeni, mikataba na watumishi wanahamia kwa nani. Kwa kawaida vyote huhamia kwa mrithi, na deni haliachwi nyuma. Sheria ndogo za kila eneo huendelea kutumika palepale zilipokuwa mpaka baraza jipya lizifute au liziunganishe, kwa hiyo kwa muda jiji moja linakuwa na sheria tofauti za masoko, mabango na maji taka kulingana na mtaa unaosimama.

Mambo huharibika katika sehemu tatu, na mara nyingi kwa pamoja.

Ya kwanza ni mishahara. Mhasibu wa mji tajiri na mhasibu wa mji maskini sasa wana cheo kimoja na mwajiri mmoja. Huwezi kumshusha wa juu, hivyo unampandisha wa chini. Gharama ya mishahara inaongezeka kabla huduma yoyote haijaongezeka.

Ya pili ni daftari la uthamini wa majengo. Kila mji ulithamini nyumba zake mwaka tofauti na kwa njia tofauti. Usipotengeneza daftari moja jipya, nyumba mbili zenye thamani sawa zitalipa kodi isiyolingana, na mwenye nyumba akienda mahakamani ana hoja. Ukilitengeneza, wapo watakaoona bili yao imeruka kwa mkupuo mmoja. Kiongozi mwenye busara hupandisha kwa awamu za miaka kadhaa. Mwenye haraka hupoteza kata.

Ya tatu ni miundombinu isiyo kwenye vitabu: mabomba ambayo hakuna ramani yake, mita zisizosomwa, mitambo ya maji taka iliyojengwa kwa watu wachache na sasa inapokea mara kadhaa zaidi. Mfano mchungu ni Hammanskraal, kaskazini mwa Tshwane. Kwa miaka mingi maji ya bomba ya huko yalitangazwa kuwa hayafai kunywewa, na mtambo wa maji taka wa Rooiwal, uliozidiwa, ulikuwa ukimwaga uchafu katika mto unaotegemewa na mtambo wa maji wa Temba. Mei 2023 kipindupindu kikalipuka Hammanskraal na kuua watu zaidi ya 20. Vipimo havikukikuta kimelea kwenye maji ya bomba, lakini hakuna aliyeweza kuwaambia wakazi kwamba walikuwa wamehudumiwa sawasawa. Kazi ya kurekebisha mtambo kama ule huchukua miaka, wakati mameya wa Tshwane hawakuwa wanamaliza muhula.

SWALI: Diwani anachaguliwaje huko? Inakuwaje chama kishinde kata nyingi na bado kikose kuliongoza baraza? – Msomaji, Temeke

Baraza la Tshwane lina viti 214. Nusu, yaani 107, ni vya kata. Nusu nyingine ni vya orodha za vyama. Mpigakura anapewa karatasi mbili, moja ya mgombea wa kata na moja ya chama. Wengi hudhani ile ya pili ni ya ziada. Kumbe zote mbili zinajumlishwa kwenye hesabu ya viti, kwa hiyo ukiharibu moja umepoteza nusu ya uzito wako.

Tuchukue mfano wa baraza dogo la viti 20, kata 10, kura halali za vyama 100,000 kwenye karatasi zote mbili, na hakuna mgombea binafsi aliyeshinda. Gawanya 100,000 kwa 20, ongeza 1, unapata 5,001. Hicho ndicho kipimo cha kiti kimoja.

Chama A kina kura 46,000: viti 9, zinabaki 991. Chama B, kura 38,000: viti 7, zinabaki 2,993. Chama C, kura 11,000: viti 2, zinabaki 998. Chama D, kura 5,000: hakijafika, zinabaki zote 5,000. Tumegawa viti 18. Viwili vilivyobaki vinakwenda kwa wenye masalio makubwa, yaani D kisha B. Matokeo: A 9, B 8, C 2, D 1.

Sasa tuseme A alishinda kata 8 na B kata 2. A anaongezewa kiti kimoja tu cha orodha, kwa kuwa tayari anavyo vinane. B anaongezewa sita. Kushinda kata nyingi hakukuongezei jumla ya viti. Kunabadilisha tu ni madiwani gani watakaa humo.

Na sasa tazama kinachofuata. Wingi unaohitajika ni 11. A akiungana na C wanafika 11. B, C na D wakiungana nao wanafika 11. Mwenye viti viwili ndiye anayechagua meya. Kwa Tshwane namba ya kukumbuka ni 108. Ukiwa nayo una jiji, ukiwa na 107 huna.

SWALI: Wananchi walipiga kura 2016 na 2021 tu, mbona mameya wamekuwa wengi hivyo? – Wasomaji wanne, kutoka Arusha, Nairobi na Muscat

Kwa sababu meya wa huko hachaguliwi na wananchi. Anachaguliwa na baraza, na baraza linaweza kumwondoa kwa azimio, mradi taarifa ya kusudio imetolewa mapema. Kura ya kumchagua ni ya siri wagombea wakiwa zaidi ya mmoja. Akiondoka, kamati yake ya utendaji, ambayo haizidi watu 10, inavunjika siku hiyohiyo.

Kuanzia 2000 hadi 2016 hili halikuonekana, maana ANC, chama kilichokuwa kikitawala nchi, kilikuwa na zaidi ya nusu ya viti. Smangaliso Mkhatshwa, padri wa Kikatoliki, aliongoza hadi 2006, akafuata Gwen Ramokgopa hadi 2010, kisha Kgosientso Ramokgopa hadi 2016. Watu watatu katika miaka kumi na sita.

Agosti 2016 mambo yakabadilika. DA (Democratic Alliance) ilipata viti 93, ANC 89, EFF (Economic Freedom Fighters) 25, Freedom Front Plus 4, na vyama vitatu kiti kimoja kimoja. Hakuna aliyefika 108. DA na washirika wake wadogo walikuwa na 99. EFF ikakataa kuingia serikalini lakini ikampigia kura Solly Msimanga wa DA. Hapo ndipo kosa la muundo lilipo, kwa maoni yetu. Mshirika aliye nje hana wizara ya kupoteza wala mkataba wa kuvunja. Anapiga kura na wewe leo, kesho anadai, keshokutwa anaondoka. Msimanga alitoka Februari 2019, akaingia Stevens Mokgalapa, na katikati ya mwaka huo EFF ikatangaza kuwa haitaendelea kupiga kura pamoja na DA. Mokgalapa akajiuzulu Februari 2020.

Uchaguzi wa 2021 ulitawanya viti zaidi: ANC 75, DA 69, EFF 23, ActionSA 19, Freedom Front Plus 17, na 11 vikaenda kwa vyama vidogo. Randall Williams wa DA, aliyekuwa ameingia Oktoba 2020, akaendelea kwa muungano wa vyama kadhaa hadi Februari 2023. Alipojiuzulu, kura ya siri ikafanya kazi yake. Murunwa Makwarela wa COPE, chama chenye kiti kimoja, alimshinda Cilliers Brink wa DA kwa kura 112 dhidi ya 101. Kuna waliopiga kura kinyume na makubaliano ya muungano wao, na kwa sababu kura ni ya siri hakuna aliyeweza kuwaadhibu. Siku chache baadaye ikabainika kuwa Makwarela alikuwa amefilisika kisheria, jambo linalomwondolea mtu sifa ya udiwani, na hati aliyowasilisha kuonyesha kuwa amesafishwa na mahakama ikagundulika kuwa ya bandia. Akajiuzulu Machi. Brink akachukua nafasi mwisho wa mwezi huo.

Tarehe 26 Septemba 2024 Brink akaondolewa kwa kura 120 dhidi ya 87. Fanya hesabu mwenyewe: ANC 75, EFF 23 na ActionSA 19 ni 117, ongeza vyama vidogo vichache. ActionSA, iliyokuwa mshirika wake, ilikuwa imehama upande. Oktoba 2024 Nasiphi Moya wa ActionSA akawa meya, akitokea chama cha nne kwa ukubwa.

SWALI: Diwani mmoja mmoja anaweza kuhama chama na kiti chake? – Msomaji, Tanga

Zamani ndiyo. Kuanzia 2002 kulikuwa na vipindi maalumu vya kuhama, na mabaraza yalibadilika mikono bila kura hata moja kupigwa. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 2009. Leo anayehama anapoteza kiti. Wa orodha anajazwa na jina linalofuata kwenye orodha ya chama, na wa kata anaitiwa uchaguzi mdogo ndani ya siku 90. Kinachohama siku hizi ni vyama vizima.

SWALI: Nimesoma kwamba baraza la Tshwane liliwahi kuvunjwa. Nani ana mamlaka hayo, na kwa nini mahakama ilikataa? – Msomaji, Bujumbura

Rudi kwenye namba za 2016. Akidi ya kikao ni zaidi ya nusu ya madiwani wote, yaani 108. ANC 89 na EFF 25 ni 114. Hao wakinyanyuka na kutoka, wanabaki 100, na spika hana la kufanya ila kuahirisha. Hawakuwa na haja ya kushinda hoja yoyote. Walihitaji kutoka nje tu, na mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 walifanya hivyo mara kwa mara.

Serikali ya jimbo la Gauteng, iliyokuwa chini ya ANC, ikaamua Machi 2020 kulivunja baraza kwa kutumia kifungu cha 139(1)(c) cha Katiba na kuweka wasimamizi. Kisheria jimbo hulijulisha baraza la juu la bunge na waziri, na uamuzi huanza kufanya kazi baada ya siku 14 usipobatilishwa. Uchaguzi mpya unatakiwa ndani ya siku 90. Korona ikauzuia, na wasimamizi wakaendelea kukaa hadi mwisho wa Oktoba.

Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi huo Aprili 2020, rufaa zikafuata, na Oktoba 2021 Mahakama ya Katiba ikakubali kuwa kulivunja baraza kulikuwa kinyume cha sheria. Hoja ya msingi ni rahisi: kuvunja baraza ni silaha ya mwisho. Kama tatizo ni madiwani wanaotoka vikaoni, zipo kanuni za maadili zenye adhabu, hadi kuondolewa, na jimbo lilipaswa kuanzia hapo. Hukumu ilikuwa sahihi, ila ilikuja wiki chache kabla ya uchaguzi mwingine, kipindi cha baraza lile kikiwa karibu kwisha.

Kuna hali moja ambayo jimbo halina hiari. Bajeti isipopitishwa kabla ya tarehe 1 Julai, mwanzo wa mwaka wa fedha, ni lazima liingilie kati. Na bajeti, kodi, mikopo na sheria ndogo haviamuliwi kwa wingi wa waliohudhuria. Vinahitaji wingi wa madiwani wote, yaani 108 hata kama 50 wako nyumbani wanaumwa.

SWALI: Ninaishi Sunnyside, Pretoria, ni Mkongomani na sina kura. Meya akibadilika mimi kinanigusa nini, na nifanye nini? – Msomaji, Pretoria

Ndugu, kinakugusa kwenye umeme, maji, taka na kodi ya majengo, ambayo mwenye nyumba wako atakuwekea ndani ya pango. Bei mpya huanza tarehe 1 Julai, lakini ukilalamika Julai umechelewa. Rasimu ya bajeti huwasilishwa barazani siku 90 kabla, kwa hiyo itafute mwisho wa Machi kwenye tovuti ya manispaa, kwenye maktaba au ofisi ya mkoa wako, kwani jiji limegawanywa katika mikoa saba. Baraza huipitia mwishoni mwa Mei. Kati ya hapo ndipo maoni hupokelewa, na sheria ya mifumo ya manispaa inawapa wakazi haki ya kuchangia, siyo wapigakura peke yao. Andika kwa maandishi, taja jina la ushuru na ukurasa, na ubaki na nakala yenye muhuri au risiti ya barua pepe.

Maandishi hayo yana nguvu. Mwaka 2025 baraza lilipitisha ushuru wa usafi wa randi 194.37 kwa mwezi, bila kodi ya ongezeko la thamani, kwa nyumba na biashara ambazo hazitumii magari ya taka ya jiji. Mahakama Kuu ikaufuta mwisho wa Julai. Mtoza ushuru hatozi kwa huduma anayoitoa mwingine, labda sheria imruhusu waziwazi. Jiji lilikuwa limeshaupigia hesabu kwenye mapato, huku likidaiwa na Eskom, shirika la umeme la taifa, zaidi ya randi bilioni 6, na hapo unaona kwa nini lilitamani sana ushuru huo.

SWALI: Jiji la Dar es Salaam lilipovunjwa 2021 na Ilala kuwa jiji, si ndiyo muungano uleule? – Wasomaji kadhaa, Dar es Salaam

Hapana. Dar es Salaam hakuna halmashauri zilizounganishwa. Kilichoondolewa ni ngazi moja. Halmashauri ya Jiji ilikaa juu ya manispaa, na madiwani wake waliletwa na manispaa hizo. Tarehe 24 Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja, Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam, na Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zikabaki manispaa zinazojitegemea. Mipaka ya kata haikuchorwa upya.

Kinachofanana ni hesabu ya viti. Baada ya uchaguzi wa 2015, vyama vya UKAWA, muungano wa upinzani, vilikuwa na madiwani na wabunge wa kutosha kulichukua Jiji, na uchaguzi wa meya ukaahirishwa mara kadhaa. Ubishi ulikuwa juu ya nani ana haki ya kuingia ukumbini na kupiga kura. Machi 2016 Isaya Mwita wa CHADEMA akashinda, na Januari 2020 akaondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani, nayo ikiwa na ubishi kuhusu idadi ya waliohudhuria. Anayetaka kuielewa halmashauri yoyote, ya Tshwane au ya kwake, aombe kwanza orodha ya wajumbe wenye haki ya kupiga kura na kanuni ya akidi, kisha ndipo asome majina ya wagombea.